Kukuza Picha Si Kuona Zaidi: Jibu kwa Mjumbe wa Kamati ya Mikoko, Tongoni

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kulinda mikoko huku Tongoni, Tanga. Wataalamu walitujia na picha mbili za setelaiti za mwambao wetu, moja ya mwaka 2020 na nyingine ya mwaka 2023, wakasema ukingo wa mikoko upande wa bahari umerudi nyuma. Sisi tunaolala na kuamka hapa hatujaona kisiki kipya hata kimoja upande ule. Nikawaomba waikuze picha ili tuhesabu miti, ikageuka viboksi vya rangi. Mjukuu wangu ni fundi wa maabara, na kwa hadubini yake humwona kijidudu cha malaria kilichomo ndani ya chembe ya damu. Iweje chombo kimoja kione kitu kidogo kiasi hicho na kingine kishindwe kuona mti mzima? Je, kuna picha nzuri zaidi tunazofichwa? Na mawingu ya masika wanayapitaje? Nimetazama kalenda ya mwandamo: picha ya kwanza ilipigwa siku ya kumi na nne, ya pili siku ya saba.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Nimelisoma swali lako mara tatu, na sentensi uliyoiweka mwishoni, ile ya kalenda ya mwandamo, naiona ina uzito kuliko zote. Nitaifikia. Lakini ili tuifikie kwa njia iliyonyooka, inanilazimu kuanza na vile viboksi.

Darubini na hadubini ni ndugu, na si kwa majina tu. Neno darubini tumelipata kwa Waajemi, na kwao maana yake ni chenye kuona mbali. Setelaiti ya kupiga picha ni darubini iliyogeuzwa ikatazama chini. Hadubini ya mjukuu wako nayo ni lenzi zilizosogezwa karibu kabisa na kitu kinachotazamwa. Vyote viwili vinatawaliwa na sheria moja ya mwanga, na sheria hiyo umekwisha kuiona kwa macho yako baharini, ingawa huenda hukuambiwa kwamba ndiyo hiyo.

Kumbuka mawimbi ya kusi yanapofika kwenye mwamba. Pale penye mlango mpana hupita yakiwa yamenyooka, yakaendelea na safari kama yalivyokuja. Pale penye upenyo mwembamba, wimbi likishapita hufunguka pande zote mbili kama upepeo wa ukindu, na mtu aliye ndani ya mwamba hawezi tena kusema kwa hakika limetokea upande gani. Mwanga nao ni wimbi, ila ni fupi mno: mwanga mwekundu unaotumiwa na setelaiti nitakayoitaja una urefu wa nanomita 665, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unapopita kwenye tundu la lenzi hufunguka vilevile. Kwa sababu hiyo nukta moja ya mwanga haifiki kwenye kihisi, yaani sehemu ya chombo inayopokea mwanga, ikiwa nukta. Hufika ikiwa doa. Nukta mbili zilizokaribiana madoa yake hupandana yakawa doa moja, na hapo uwezo wa kupambanua umekwisha. Mwaka 1879 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, aliliwekea jambo hili kipimo ambacho tunakitumia hadi leo: chukua 1.22, zidisha kwa urefu wa wimbi, zidisha kwa umbali wa kitu, kisha gawanya kwa upana wa tundu. Unachopata ni umbali mdogo kabisa baina ya vitu viwili ambavyo chombo kinaweza kuviona kuwa ni viwili.

Tukipime kwa picha zenu. Nachukulia kuwa ni za Sentinel-2, setelaiti za Umoja wa Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2015, kwa kuwa ndizo zinazotumika sana katika kazi za misitu. Zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 786, na tundu la darubini yake lina upana wa sentimita 15, yaani kama sahani ndogo ya chai. Ukifanya hesabu hiyo kwa mwanga mwekundu unapata mita 4 na ushei. Ili uone ugumu wa kazi yenyewe, punguza kila kitu kwa kiasi kilekile: ni sawa na kuchungulia kwa tundu lenye unene wa unywele kitu kilichoko nusu kilomita. Waliounda chombo hiki wakaona heri wasikivute hadi kikomo hicho, wakaigawa picha katika viboksi, au pikseli, vya mita 10 kwa mita 10. Kila kiboksi kinabeba, kwa kila rangi, namba moja tu, na namba hiyo ni wastani wa vyote vilivyomo ndani ya mita za mraba 100: majani ya mkoko, tope, maji, hata mtumbwi ulioegeshwa. Kompyuta inapoikuza picha inakinyoosha kiboksi kiwe kikubwa kwenye kioo. Haina pahali pa kuchota habari ambayo haikupita kwenye tundu la darubini tangu mwanzo.

Mjukuu wako analijua jambo hili, muulize. Anachukua kioo chenye damu iliyotiwa rangi ya Giemsa, anadondosha tone la mafuta, kisha anaishusha lenzi ya mara 100 mpaka iguse mafuta yale. Kati ya lenzi na damu hakuna hata milimita moja. Kwa ukaribu huo lenzi inapokea mwanga unaotoka kwenye chembe karibu kutoka kila upande, ni kama mlango wa mwamba uliokuwa mpana kuliko bahari yenyewe. Mwanafizikia Ernst Abbe, aliyekuwa Jena huko Ujerumani, alionyesha mwaka 1873 kwamba hadubini ya namna hii hukomea karibu na nusu ya urefu wa wimbi, na kwa lenzi ya mafuta kiasi hicho ni mikromita 0.2 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kimelea kichanga cha malaria, chenye umbo la pete na kijidoa chekundu ukingoni, kinachukua kama sehemu ya tano ya upana huo. Kwa hiyo kinaonekana, na nafasi inabaki. Lakini akiweka lenzi ya jichoni yenye nguvu mara mbili, pete ile itakuwa kubwa na yenye ukungu, wala hataona kitu kipya ndani yake. Hicho ndicho kilichoipata picha yenu.

Kama setelaiti ingetakiwa ikione kimelea hicho kutoka ilipo, hesabu ileile inadai darubini yenye tundu la zaidi ya kilomita 400, yaani kama mara mbili ya mstari ulionyooka kutoka Tanga hadi Dar es Salaam. Siandiki haya ili kukushangaza. Ninataka uone kwamba chombo cha angani hakikuzidiwa ufundi na hadubini, kimezidiwa umbali.

Kuhusu kufichwa, moyo wako utulie kwa upande huo. Picha za Sentinel-2 hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti, na za Landsat za Marekani, ambazo mfululizo wake ulianza mwaka 1972, zimekuwa bure tangu mwaka 2008. Zipo zilizo kali zaidi: WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, ina tundu la mita 1.1 na hupambanua sentimita 31 kutoka kimo cha kilomita 617. Hizo zinauzwa. Kwa picha kama hiyo ungeweza kuhesabu vichwa vya mikoko iliyosimama mbalimbali, ingawa penye msitu mzito vichwa vimeshonana na hata hapo ungekosea.

Sasa, kama kiboksi cha mita 10 hakiwezi kuonyesha mti, kina faida gani? Faida yake iko kwenye rangi, na hapa ndipo fizikia ya kutazama dunia kutoka mbali ilipopiga hatua kubwa. Jani hai hunywa mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ule ulio nje kidogo ya wekundu ambao macho yetu hayauoni. Jani zuri linaweza kurudisha karibu nusu ya mwanga huo. Maji hufanya kinyume: infraredi hiyo huimeza karibu yote. Tope liko katikati. Mtafiti anapolinganisha namba hizo mbili za kiboksi kimoja, nyekundu na infraredi, anaweza kukisia sehemu gani ya kiboksi ni majani hata kama haoni mti wowote. Anasoma msitu kama daktari anavyosoma rangi ya ulimi.

Na ndipo inapoingia kalenda yako, mzee wangu.

Sentinel-2 hupita juu ya mwambao wetu saa ileile siku zote, kwa sababu njia yake imefungwa na jua. Kwetu ni saa tano kasorobo asubuhi, dakika chache huku au huku. Bahari nayo ina saa zake, nawe unazijua kuliko mimi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yetu hujaa saa kumi na hupwa kati ya saa nne na saa sita. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa taratibu kati ya saa nne na saa sita. Maana yake ni kwamba picha ya siku ya kumi na nne ilipigwa bahari ikiwa imekupwa sana, mizizi ya mlilana, mkoko wa ukingoni mwa bahari, ikiwa wazi juu ya tope. Na picha ya siku ya saba ilipigwa maji yakiwa yamejaa, ijapokuwa ni kujaa kwa maji mafu. Tofauti ya kina kati ya nyakati hizo mbili hapa Tanga inaweza kukaribia mita 2. Kwenye ufuko mlalo kama wenu, mita 2 za kimo huwa ni mwendo mrefu wa miguu kuelekea nchi kavu.

Fikiria basi kiboksi kimoja cha ukingoni, upande wa bahari, pale panapoota mililana michanga iliyotawanyika. Siku ya bamvua kina majani kidogo na tope jingi, na kihisi kinaandika namba ya kati. Siku ya maji mafu tope limefunikwa, mililana mingine imezama mpaka kwenye matawi, maji yamemeza infraredi, na namba imeshuka. Programu iliyofundishwa kwamba namba ikishuka chini ya kiwango fulani si mikoko tena, itakifuta kiboksi hicho kwenye ramani. Viboksi kumi vya namna hiyo vikifuatana, ukingo umerudi nyuma kwenye karatasi ilhali kila mti umesimama pale ulipokuwa. Wanaofanya utafiti huu wanalifahamu tatizo hili vizuri, na wengi huchuja picha kwa kimo cha maji kabla ya kuzilinganisha. Ninasikitika kwamba katika picha mlizoonyeshwa hatua hiyo inaelekea ilirukwa, kwa sababu kijiji kinaweza kulaumiwa kwa shoka ambalo halikuinuliwa. Tena ni jambo la ajabu kidogo kwamba setelaiti hii, kwa saa yake isiyobadilika, haijapata hata mara moja kuiona bamvua ya Tanga ikiwa imejaa. Inapopita, bamvua imekupwa.

Nirudi kwenye mawingu. Kuanzia Machi hadi Mei, darubini yoyote inayotegemea mwanga wa jua mara nyingi huona migongo ya mawingu tu. Dawa yake ni kubadilisha wimbi. Sentinel-1, ndugu wa setelaiti zile, hubeba rada: hutuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa sentimita 5.5, kisha husikiliza mwangwi. Matone ya wingu ni madogo mno mbele ya wimbi refu kiasi hicho, nalo hupita kana kwamba hakuna kitu, usiku na mchana.

Lakini sheria ya Rayleigh haisamehi. Wimbi likirefuka, doa hupanuka, na wimbi hili ni refu karibu mara laki moja kuliko la mwanga. Antena ya Sentinel-1 ina urefu wa mita 12.3, kutoka kilomita 693 doa lake chini lingekuwa na upana wa zaidi ya kilomita 3, na Tongoni nzima ingekuwa ndani ya kiboksi kimoja. Njia ya kutokea hapo aliiona mhandisi Mmarekani, Carl Wiley, mwaka 1951. Setelaiti haijatulia, inakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na kila inapokuwa husikia mwangwi wa kitu kilekile kwa tofauti ndogo ya kuwahi na kuchelewa. Ukiziandika tofauti hizo zote kwa uaminifu, kisha ukaziunganisha kwa hesabu, ni kama umekuwa na antena ndefu kama safari yenyewe ilivyokuwa. Kwa njia hiyo doa la kilomita 3 linapambanuliwa mpaka mita 5 kwa 20. Kila ninapowafundisha vijana somo hili husimama hapa kwa muda, kwa sababu sioni pengine katika fizikia ya picha ambapo kizuizi kimeondolewa kwa uzuri kama huu: upana uliokosekana katika chombo umekopwa kutoka kwenye mwendo.

Ndugu yake hadubini ilipata ukombozi unaofanana na huo, na umetuzwa Nobeli ya kemia ya mwaka 2014, waliyopewa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner. Njia ya Betzig unaweza kuielewa ukisimama ufukweni usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa ikiwa mbali na karabai zake. Taa zikiwaka zote pamoja unaona mng'ao mmoja tu kwenye upeo. Zikiwaka moja baada ya nyingine, kila moja utaona doa lake peke yake, na katikati ya doa unaweza kupatia alama kwa usahihi mkubwa hata kama doa lenyewe ni pana. Watafiti hutia kwenye seli molekuli zinazowaka chache chache, hupiga maelfu ya picha, huweka alama katikati ya kila doa, na mwishowe wanapata umbo lenye usahihi wa makumi ya nanomita, chini kabisa ya mpaka wa Abbe. Mikoko haiwezi kuamriwa iwake kwa zamu, kwa hiyo njia hiyo haitatufaa Tongoni.

Rada ina kasoro zake. Picha yake hujaa chenga kama za runinga isiyoshika mawimbi, kwa sababu miangwi ya vitu vingi ndani ya kiboksi kimoja huongezana au huuana. Na wimbi la sentimita 5.5 huishia kwenye majani ya juu. Kwa mikoko ninalipenda zaidi wimbi la sentimita 24 hivi, lililobebwa na setelaiti ya ALOS ya Japani tangu mwaka 2006 na sasa na NISAR, ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025. Hilo hupenya majani, hugonga maji yaliyo chini, hugonga shina na kurudi likiwa na nguvu, hivyo msitu uliosimama ndani ya maji hung'aa sana. Ukikatwa, mng'ao huo huzimika. Ila hapa pia kimo cha maji lazima kijulikane, maana tope tupu na maji havirudishi mwangwi sawasawa.

Kama kamati inataka kweli kuhesabu miti, njia iliyo karibu ni kupunguza umbali. Kamera ya droni, yenye tundu la milimita 3 hivi, ikiwa kwenye kimo cha mita 100 inaweza kupambanua vitu vya sentimita 2 hadi 3 kwa hesabu ileile ya Rayleigh. Kurusha droni kunahitaji kibali, na pa kuanzia kuulizia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Msirushe bila hicho.

Lakini kabla ya gharama hiyo, warudieni wataalamu wale kwa heshima, mkawaombe jambo moja. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, yaani mara 73 hivi kwa mwaka, na katika miezi yenye mawingu machache hazikosekani picha safi. Waombe waitafute ya mwaka 2023 iliyopigwa siku ya kumi na nne au ya kumi na tano ya mwandamo, waiweke kando ya ile ya mwaka 2020. Ukingo ukirudi mahali pake, mmepata jibu lenu. Ukiwa bado umerudi nyuma, basi msiridhike kwa kuwa hamkuona kisiki, kwa sababu bahari inaweza kuondoa mlilana bila shoka: subirini bamvua, shukeni kwa miguu saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mtembee ukingoni mkitazama kama mizizi ya pumzi imesimama juu ya mchanga uliohama, na popote mtakapoikuta hivyo, pimeni kwa simu mahali hapo na mwandike tarehe.